Kusomesha Kiingereza ku nchi za Ghuba: karatasi gani wanaomba kweli?

Mbele kidogo ya Pasaka jirani yangu mumoja alikuja kwangu na anvelopu ya kaki. Ni mutu wa miaka yetu. Alitumika miaka 17 kama mushofere wa magari makubwa ya mine, kompani ikapunguza watu, akapewa dekonte finali yake, akarudi nyumbani. Mu anvelopu mulikuwa karatasi ine za binti yake, mwenye anasomesha Kiingereza ku sekondari moja hapa Kolwezi. Ajansi moja ilimwambia binti kama kazi iko tayari: mwalimu wa Kiingereza ku Saudia, nyumba ya bure, tikiti ya ndege ya bure, mushahara wa dola 1,400 kwa mwezi. Ilibaki paka kulipa dola 1,800: dola 300 ya dosie, 900 ya kontra, 600 ya viza. «Kamarade,» akaniambia, «weye njo unajuaka kusoma kontra. Angalia kama iko muzuri, kesho nitosha feza ku banki.»

Nilimuomba siku tatu. Miye si mwalimu na Kiingereza changu ni cha ku shantye tu. Niko na diplome ya Leta, seksyo komersyali, na ile yote ninajua juu ya kontra nilijifunza mu kazi ya delege, kwa kugombana na maofisa wa kompani juu ya virgile moja. Lakini zile siku tatu nilitafuta, niliuliza walimu, niliuliza watoto wetu wenye walipita kule. Ninaandika ile nilipata, sababu hii anvelopu si ya kwanza kufika mu nyumba ya mutumikaji wa mine, na haitakuwa ya mwisho.

Tuelewane kwanza sababu gani watoto wetu wanaamini mambo ya hivi. Kule wazee wetu walitumika, mu Gécamines, mukubwa alisema Kifaransa. Leo mukubwa anasema Kiingereza. Ripoti inaandikwa Kiingereza, mashini inaandikwa Kiingereza, na ukivuka mupaka wa Kasumbalesa, Zambia yote inasoma mu Kiingereza. Njo maana kila avenyu iko na sentre ya Kiingereza, na mama anatosha feza ya makala kulipia mutoto miezi tatu ya kozi. Watoto wanamaliza ISP ao UNILU na lisansi ya Kiingereza. Wanatoka pale, wanaenda wapi? Ku masomo ya Leta wanakuwa «N.U.», mwalimu mwenye anasomesha lakini jina lake halijaingia ku listi ya mushahara. Tangu masomo ya primeri yalikuwa ya bure mu 2019, wazazi hawatoi tena ile feza ya kumusaidia. Sasa mutoto wa hivi ukimuambia «Dubai», hakuulizi maswali mingi. Jina la Dubai tunalijua sisi wote, wafanyabiashara wetu wanaleta kule simu, manguo, na vipuri vya magari.

Na uongo wote si uongo. Kazi iko. Nchi sita za Ghuba, njo Saudia, Falme za Kiarabu (kule Dubai na Abu Dhabi ziko), Qatar, Kuweiti, Bahrain na Oman, zinaajiri walimu wa Kiingereza kutoka inje tangu miaka mingi. Saudia ilianza kusomesha Kiingereza tangu mwaka wa kwanza wa primeri mu 2021. Iniversite zao zinasomesha udaktari na injenia mu Kiingereza, na mutoto anapitisha kwanza mwaka wa kujitayarisha, wa luga. Kompani ya petroli ya Saudia, Aramco, iko na masentre yake ya kufundisha watumikaji Kiingereza tangu zamani. (Pale nilisimama kidogo. Kompani inamulipa mutumikaji asome luga ya kazi! Nitarudilia ile neno.) Mwalimu mwenye karatasi kamili anapata nyumba ao feza ya nyumba, tikiti ya kwenda na kurudi, asuransi ya hospitali, na mushahara bila kodi ya Leta. Ile yote ni kweli. Swali ni: karatasi kamili ni gani, na mutoto wetu iko nazo?

Ya kwanza ni diplome ya iniversite. Bila ile hakuna mazungumzo. Wanaita bachelor, miaka tatu ao ine kwa kawaida, na mara mingi wanaomba ikuwe ya Kiingereza, ya fasihi, ao ya ualimu. Hapa iko mutego wa luga wenye unapoteza Wakongomani wengi. Sisi tunasema «lisansi». Mutafsiri wa mu kona anaandika neno lilelile mu Kiingereza, licence. Lakini mu Kiingereza ile neno haina maana ya diplome ya iniversite, iko na maana ya ruhusa, sawa permi ya kuendesha gari. Mukubwa wa masomo ku Doha anasoma, anafikiri huyu mwalimu iko na leseni ya ualimu lakini hana diplome. Dosie inaenda ku pubele. Na «gradua» yetu ya miaka tatu ni vilevile, ile jina hawaijui. Mutu mwenye lisansi ya zamani, ile ya 3 na 2, iko na nguvu kuliko mwenye G3, na wale wa LMD wanayoanza tangu 2021-2022 wako na majina yenye kufanana na ya inchi zingine. Kwa hiyo tafsiri ifanywe na mutu mwenye kuapishwa, na aandike bachelor fasi ya lisansi, na relevé ya pwe ya kila mwaka ifuate.

Qatar inaenda mbali zaidi. Inaomba iniversite iandike barua kusema kama mwanafunzi alisoma mu kalasi, hapana ku intaneti. Falme za Kiarabu nazo zilikuwa kali sana juu ya diplome za intaneti. Watoto wetu wenye walinunua «bachelor» ya miezi sita ku simu, pole.

Ya pili ni ile leseni yenyewe, ruhusa ya kusomesha ku nchi kwenu. Mwingereza anaonyesha karatasi wanaita QTS, Mumarekani anaonyesha leseni ya jimbo lake. Falme za Kiarabu zilianzisha leseni yao wenyewe mu 2017, na mwalimu anapita ekzame ya kujua kusomesha na ekzame ya somo lake. Hapa mutu wa ISP iko na kitu cha kuonyesha. ISP inafundisha ualimu, na staji anafanya mbele ya watoto wa kweli. Mutu wa UNILU, wa fakilte ya letre, anajua Shakespeare kuliko yule wa ISP, lakini kama hakufanya agregasyo, ku macho ya masomo ya Ghuba yeye si mwalimu bado. Ninajua ile itakasirisha watu fulani.

Ya tatu ni sertifika ya kusomesha Kiingereza kwa watu wenye hawakizaliwi nacho. Hapa feza ya bure inapotea mingi. Jina la kweli, lenye linafungula mulango, ni CELTA, ya iniversite ya Cambridge. Ni saa 120 za kozi, na ndani yake saa 6 za kusomesha watu wa kweli na mwalimu wako anakuangalia na kukupa pwe. Ukiifanya kila siku, inamaliza juma ine ao tano. Iko ingine yenye inalingana nayo, ya Trinity ya London. Bei inapita dola elfu moja, na Cape Town njo moja ya fasi za Afrika kwenye inafanywa. Kisha kuko makaratasi mingi ku intaneti yenye inaandikwa «TEFL saa 120», unalipa dola 30, unajibu maswali ku simu, unapata PDF yenye muhuri wa dhahabu. Haikatazwe. Lakini hakuna mutu alikuona ukisomesha, na waajiri wazuri wa Ghuba wanajua tofauti. Ku iniversite zao wanaomba zaidi: masta ya kusomesha luga, na miaka mbili ao tatu ya kazi kisha masta. Miaka mbili ya kusomesha ni kama desturi kila fasi, hata ku masomo madogo.

Sasa ile ya ine, yenye ajansi haikutaja hata mara moja. Pasporti. Soma matangazo ya kazi za mushahara mukubwa, utaona wanaandika «mwenye kuzaliwa na Kiingereza», kisha listi ya nchi saba: Uingereza, Ireland, Marekani, Canada, Australia, New Zealand, na Afrika ya Kusini. Ni hayo tu. Munijeria mwenye alisema Kiingereza tangu kwa nyonyo ya mama yake hamo. Mukenya hamo. Muzambia wa Solwezi, jirani yetu, hamo. Mukongomani, hata alipata maksima ku ISP, hamo. Unaweza kuita ile ubaguzi na miye nitakubali, sababu hawapimi luga, wanapima rangi ya pasporti. Lakini mutoto wetu anapashwa kujua mbele ya kulipa dola moja.

Mulango haufungwi wote. Kuko masomo ya bei ya chini, mingi inafuata programu ya India ao ya Pakistani, yenye inaajiri Wahindi, Wafilipino, Wamisri, Wayordani. Na wale hawalipwi sawa Mwingereza, hata kidogo. Mu kalasi ileile, kitabu kilekile, mushahara tofauti. Mutu wa mine hana lazima nimuelezee, anajua ekspatrie na lokali. Kwa mutu mwenye hatoki mu zile nchi saba, wanaomba ekzame ya Kiingereza, IELTS mara mingi, na pwe 7 kwenda juu njo inahesabika kwa mwalimu wa Kiingereza. Ekzame ile inaisha nguvu kisha miaka mbili. Ukiifanya leo na ukangoja viza miaka tatu, unalipa tena.

Watu watatu waliniuliza kama Kiswahili chetu kitasaidia ku Oman. Ni kweli Muscat utasikia Kiswahili ku soko na ku ofisi. Familia nyingi zilirudi kule kutoka Zanzibar kisha mapinduzi ya 1964, na zaidi kisha 1970 wakati Sultani Qaboos aliwaita, na Kiingereza chenye walijifunza Afrika kiliwasaidia kupata kazi ya Leta. Lakini wale walikuwa Waomani wenye kurudi kwao. Kiswahili kitakupatia marafiki na chai. Kazi ya ualimu hapana. Na Oman, sawa Saudia, inasukuma sasa kazi ziende kwa watoto wa nchi kwanza.

Kisha kuko safari ya muhuri. Diplome yako ni ya kweli, sawa, lakini nani anajua? Inapita notere, inapita ministere ya elimu ya juu, inapita ministere ya mambo ya inje, inamalizia ku ambasade ya nchi kwenye unaenda. Kwa watu wa Lubumbashi na Kolwezi ile maana yake ni Kinshasa, ndege ao mutu wa kutuma. Nchi zingine ziliweka mukataba wenye unakata hii njia, wanaita apostile, na Saudia iliingia mu 2022, lakini karatasi ya Kongo inatembea bado njia ndefu. Saudia na Qatar wanaweka tena kompani ya inje iandikie iniversite yako moja kwa moja kuuliza: huyu mutu mulimusomesha kweli? Kama sekretarya wa iniversite hajibu barua, dosie inalala. Ninajua ma-sekretarya wetu, sitasema zaidi.

Weka juu ya ile kazye jidisyere, na hospitali. Wanapima damu, SIDA na epatiti, na wanapiga radyo ya kifua kutafuta kifua kikuu. Ukikutwa na SIDA hakuna viza, ni hivyo, hata ukiwa unameza dawa muzuri. Na juu ya kifua ninasema na vijana wetu wenye walipitia mu mashimo mbele ya kumaliza masomo, wale walichimba vakansi yote kulipa minervali. Vumbi ya shimo na kifua kikuu vinapendana. Piga radyo hapa mbele ya kulipa kitu ingine chochote, sababu hata alama ya ugonjwa wa zamani inaweza kukurudisha. Na hata bila Ghuba, radyo ile ni ya faida kwako.

Ndiyo ile nilipata juu ya karatasi. Nikarudilia anvelopu ya jirani.

Binti iko na lisansi ya ISP. Iko na miaka ine ya kusomesha. Hana CELTA, hana IELTS, hana muhuri hata moja. Na ajansi inasema kazi iko tayari. Pale mutu wa sendika anaanza kusikia harufu. Nani anatoa kazi mbele ya kuona karatasi?

Karatasi ya kwanza ya ajansi ilikuwa Kifaransa, yenye kichwa «Contrat de travail, enseignante d'anglais». Hakuna jina la masomo, hakuna muji, hakuna hesabu ya saa. Ya pili ilikuwa Kiarabu yote, na kila karatasi ilikuwa na fasi ya sinyatire. Nikauliza binti: hii ya Kiarabu inasema nini? Akajibu: «Balisema ni ile moja tu, batafsiri.» Nikaichukua, nikaenda kuona muallimu wa musikiti mumoja hapa muji, muzee wa heshima, tulijuana mu mambo ya mazishi ya mutumikaji fulani. Alivaa lineti, akasoma polepole, akaweka kidole ku mustari wa kazi. Imeandikwa, akasema, amila manziliya. Mutumikaji mwanamuke wa nyumba. Boyeste.

Ninaomba musielewe vibaya. Kazi ya nyumba ni kazi, na mama zetu wengi walisomesha watoto kwa kazi ile. Burundi iliweka sinyatire na Saudia mu 2021 kusudi wasichana wake waende kutumika mu nyumba, na Wakenya na Waganda wengi wako kule kwa kazi ile, wengine wanatuma feza kila mwezi. Mutu mwenye anaichagua akijua, ni haki yake. Ubaya ni kuichaguliwa na karatasi yenye hauwezi kusoma.

Na hapa njo kuko jambo lenye watu hawaoni, na ninalisimamia. Lile neno moja linabadilisha sheria yenye inakukinga. Sheria ya kazi ya Saudia, kwa mwalimu wa masomo ya prive, inasema patron njo analipa feza ya kumuleta mutumikaji, karatasi ya kukaa, ruhusa ya kazi, na tikiti ya kurudi kontra ikiisha. Inasema kontra ikiisha, unalipwa nusu mwezi kwa kila mwaka wa miaka tano ya kwanza, kisha mwezi muzima kwa kila mwaka. Ni dekonte finali yao. Lakini sheria ileile inatosha inje watumikaji wa nyumba. Wao wanawekewa masharti yao pembeni, yenye kinga kidogo. Mutumikaji wa nyumba anakaa mu nyumba ya patron, saa zake hakuna mutu anahesabu. Kwa hiyo mwalimu mwenye aliingia na lile neno ku viza hawezi kwenda ku ofisi ya kazi kusema «miye ni mwalimu». Watamufungulia mashini, wataona amila manziliya, basi.

Tunaijua hii muchezo. Ku mine zetu mutu anaendesha mashini ya milioni ya dola, lakini ku karatasi ya kompani ndogo ya sutretansi imeandikwa «manevre» ao «jurnalye». Siku anavunjika mukono njo anajua jina la kazi ku karatasi lilikuwa na bei gani. Tulipigana miaka kusudi kategori ya mutu ifanane na kazi yake, na sheria ya sutretansi ya 2017 haikumaliza mambo ile. Sasa tunataka watoto wetu wapande ndege na karatasi ya hivyo, ku nchi kwenye hatuko?

Dubai nayo iko na mutego wake, wa viza ya utalii. «Ingia kwanza kama mutalii, kazi utapata ndani.» Kutumika na viza ya utalii ni kosa kule, na mu 2024 walipandisha faini ya patron mwenye anafanya ile: dirhamu 100,000 mupaka milioni 1. Dola moja ni karibu dirhamu 3.67, mufanye hesabu. Patron mwenye kuogopa faini ile hatakuajiri. Patron mwenye haogopi, unataka umutumikie? Mu Falme za Kiarabu njia ya haki ni hii: unapata kwanza barua ya kazi yenye sura ya Leta yao, mu Kiarabu na Kiingereza, na muko luga zingine wanaweka pembeni kusudi mutumikaji aelewe. Unaweka sinyatire ukiwa bado kwenu, kisha viza ya kutumika inatoka. Tena sheria yao ya kazi ya 2021, artikle 6, inakataza patron kumulipisha mutumikaji feza ya kuajiriwa. Ya Qatar inakataza ajansi pia. Saudia nimekwisha kusema. Basi zile dola 900 za «kontra» na 600 za «viza» ni za nani? Patron wa kweli ameshalipa, ao atalipa. Mwenye anakuomba wewe ulipe, ao anakula mara mbili, ao patron hako.

Neno moja la sendika, sababu siwezi kunyamaza. Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu hazina sendika huru, na mugeni hana ruhusa ya kugoma. Bahrain iliruhusu sendika tangu 2002, Oman tangu 2006, Kuweiti iko nazo tangu zamani, lakini mugeni anaingia kwa shida. Na kuko ile desturi ya kafala, ya kumufunga mutumikaji kwa mudamini wake. Qatar ililegeza mu 2020, Saudia mu 2021, mwalimu anaweza sasa kubadilisha patron bila kuomba barua yake, kwa masharti. Kwa watumikaji wa nyumba Saudia haikulegeza vile. Tena lile neno moja.

Wengine wataniambia: kamarade, unakatisha watoto moyo, weye unataka wabaki mu vumbi. Hapana. Hebu tuhesabu. Zile dola 1,800 za jirani, tuziweke mu kitu chenye kinabaki. IELTS, pamoja na kitabu na safari ya kuenda kuifanya, tafsiri ya diplome, muhuri wa Kinshasa, radyo ya kifua. Itabaki feza ya kuanza kukusanya CELTA. Mwisho wa ile njia binti iko na dosie yenye masomo ya Ghuba inaweza kusoma, hata kama ni ya bei ya chini, na pasporti yake itamuweka nyuma ya mustari. Lakini dosie ileile inasomwa ku Solwezi, inasomwa ku Ndola, na inasomwa hapa. Kolwezi kuko kompani za Kanada, za Uswisi, za China, zenye watumikaji elfu na elfu, na konsinye ya sekirite inaandikwa Kiingereza ao Kichina. Nilishuhudia mutu akaweka mukono kwenye hapashwi kuweka sababu hakusoma neno moja ya nyekundu. Aramco inafundisha watu wake Kiingereza ku saa za kazi, na mushahara unaenda. Sisi mu konvansyo kolektive yetu hatujawahi kuandika artikle moja juu ya luga. Mwaka huu nitaiweka ku meza, fomasyo ya Kiingereza kwa watumikaji, ku saa za kazi, na walimu watoke hapa ku ISP zetu. Wakubwa watacheka. Walicheka juu ya maski ya vumbi pia.

Jirani hakutosha feza. Binti alikasirika na miye, na ninamuelewa, alikuwa amekwisha kuaga wanafunzi wake. Aliniambia: «Papa, miye nilijua ile mushahara ya 1,400 ni mingi. Lakini mwezi ya tano huu haba-nilipe.» Sikuwa na jibu kwa ile. Tulienda pamoja ku ONEM kuuliza kama ajansi ile iko na ruhusa, wakatuambia turudi na barua ya kuomba. Barua tuliandika, tuliiacha. Ku ajansi walimuambia fasi yake itachukuliwa na mwingine kama halipi mbele ya Ijumaa, na Ijumaa ilipita. Juma iliyofuata walimupigia tena: bei imeshuka, dola 1,200.

Karatasi ya Kiarabu iko kwangu, niliomba niifanyie fotokopi. Kama mutu yeyote wa kambi ao wa site ameshapewa ile ya namna moja, aje nayo ku ofisi ya delegasyo siku ya ine kisha saa za kazi. Muallimu alikubali kusoma zote, na hakuomba franga.